Barua ya wazi kwa Burgumestre wetu: ile karindula itoke kabla ya mvua

Baba Burgumestre, mkuu wa komini yetu, jambo yenu.

Mimi ni mtoto wa hii komini, nilizaliwa hapa hapa Lubumbashi, nikasomea hapa, na leo watoto wangu watatu wako wanasoma kwenye shule ile ile nilisoma mimi. Siandiki juu ya siasa. Niko naandika juu ya muziki, ile muziki ya live yenye watu wanapiga na mikono yao kwenye nganda zetu za kartie, ndiyo baa za mtaani, siku ya jumapili, yenga kama tunavyosema hapa, na mnisamehe kama barua itakuwa ndefu maana hii mambo imenikaa rohoni tangu mwezi wa nane, wakati watu walichukua karindula, chombo kikubwa cha kamba, ya vijana wetu.

Kuna nganda moja nyuma ya soko, jina lake naliacha juu mwenye nayo anaogopa. Ni parseli tu, kiwanja cha nyumba kama vingine, muembe mkubwa katikati, viti vya plastiki, ukuta wenye fundi mmoja wa kartie alichora kwa mkono chupa ya bia ya Simba na chupa ya Tembo na pembeni yake mamba muntu, ndiyo nguva, mwenye nywele ndefu na saa mkononi. Mlangoni mama mmoja anachoma michopo ya nyama ya mbuzi, mwingine anauza chikanda ya mizizi na karanga, na kwa wenye hawanywi pombe kuna munkoyo ya baridi, kinywaji cha mahindi. Kila yenga kuanzia saa kenda ya mchana kundi la karindula lilikuwa linapiga pale, watu sita, vijana wa komini za Kenya na Katuba, hapa hapa Lubumbashi, wengine wako makanika, mmoja anasukuma mkokoteni.

Baba, sijui kama mko na wakati wa kukaa karibu na karindula, kwa hiyo niseme namna iko. Ni pipa la mafuta lile la lita 200, upande mmoja wamelifunika na ngozi ya mbuzi, juu yake shingo ya mbao ndefu kupita mtu, na kamba nne. Kabla ya kupiga, kijana mwenye nayo anakunja karatasi, anaiwasha, anapitisha ule moto karibu na ngozi polepole kama mtu anayepasha mtoto maji, halafu anagonga na kidole kimoja, anainamisha sikio, anasikiliza, bado, anawasha karatasi ingine. Watoto wanamzunguka wamenyamaza kabisa. Akitosheka anapanda anakaa juu ya pipa, mwenzake anachuchumaa nyuma na vijiti viwili anaanza kupiga ubavu wa lile pipa, na ile sauti ya chini, baba, hauisikie kwenye masikio kwanza, unaisikia kwenye kiti chenye umekalia. Wamama wanaweka chini glasi zao wanasimama. Mzee mmoja wa kwetu, alifanya kazi maisha yake yote kwenye mine na leo anatembea na fimbo, yeye anacheza na ile fimbo, na watu wanaenda kumbandika franka kwenye paji la uso.

Ile yenga ya mwezi wa nane hata saa moja ya usiku ilikuwa haijafika. Watu walikuja na gari, sitataja ofisi yao juu sikuandika kwa kushtaki mtu. Wakasema tapaji ya usiku, ndiyo kelele. Mwenye nganda akatoa karatasi zote alikuwa nazo, ya kufungua, ya kodi, ya usafi, wakazisoma wakamrudishia, wakasema inakosa karatasi ya muziki, na hiyo karatasi hakuna mwenye alimwambia siku gani inatoka wapi na ni franka ngapi. Wakachomoa waya, wakabeba miksa na bafle mbili, ndiyo spika, halafu wakashika karindula. Haikuingia ndani ya gari, shingo yake ni ndefu, basi wakaifunga juu na kamba kama mtu anavyofunga matrasi wakati wa kuhama. Yule kijana alikuwa anakimbia nyuma ya gari anasema polepole baba, polepole, shingo itavunjika. Hakusema irudisheni, alisema tu polepole.

Bafle zilirudi siku ya kenda, moja imepasuka. Karindula haijarudi mpaka leo.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu inaniumiza kupita hesabu ya pipa na ngozi. Huu mji watu wanaujua kwa shaba, lakini kuna wakati Afrika mzima ilikuwa inatusikia kwa gitaa. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu mwenye alikuwa anarekodi muziki ya Afrika, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, anapiga gitaa yake barabarani anaimba kwa Kiswahili chetu hiki hiki, akamrekodi, na zile sahani zikafika mpaka Nairobi, vijana wa kule wakakaa chini kujifunza namna yake ya kupiga na kidole gumba na kidole cha pili, mtu mmoja unadhani ni gitaa mbili. Na ndugu yake Edouard Masengo, na Losta Abelo, wao pia wapiga gitaa. Kama ile siku mtu angekuja kumwambia Bosco lete karatasi ya muziki, akamnyang'anya gitaa, tungekuwa na nini leo cha kuwaonyesha watoto?

Mnajua pia Mufwankolo na kundi lake la teatre, mji mzima ulicheka na ulifikiri pamoja nao, na ilikuwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, hawakungoja mtu awaandikie kwa Kifaransa. Na rumba yetu UNESCO iliipokea tarehe 14 Desemba 2021, tulifurahi sote, viongozi walitoa hotuba nzuri, na hiyo rumba ilikulia kwenye baa za Kinshasa na Brazzaville, kwenye viti na meza kama hizi zetu.

Kuna mwenye ataniambia kama unapenda sanaa enda mjini. Naenda. Nilipeleka watoto kwenye Muze, ndiyo makumbusho, wakaona, ukumbi wa Halle de l'Étoile nimeingia mara nyingi, na ile Biennale ya sanaa yenye ilianza 2008 ninaifurahia sana kila ikirudi juu inaleta wageni na inaonyesha kazi ya watoto wa hapa. Nawapongeza wote. Lakini kutoka kwetu kwenda katikati ya mji na kurudi usiku, baba, mtu mwenye watoto na mshahara wa kwetu atafanya mara ngapi kwa mwaka? Saa tatu ikipita takisi ya pamoja hakuna, unapanda motari, ndiyo pikipiki ya kubeba watu, na roho mkononi. Sisi ukumbi wetu ni ule muembe.

Na pesa pia. Yule mama wa michopo wakati wa karindula alikuwa anamaliza mbuzi mbili kila yenga, sasa ananunua mguu na mara ingine unalala. Mwenye kuchaji telefone, mtoto mwenye anauza karanga na mayai, motari wenye walikuwa wanapanga mstari nje kungoja watu, wote waliondoka. Nganda bado iko wazi, wanauza chupa, watu wachache wanakunywa wakiangalia chini.

Sasa upande wa kelele, hapa nitasema kweli yote. Mama yangu, Mungu amweke pema, mwaka wake wa mwisho alikuwa analala kwenye nyumba inayoangaliana na nganda ingine, yenye hata mpiga gitaa mmoja haina, ni bafle nne tu zimegeuzwa barabarani na telefone ya mwenye nganda, mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. Usiku nilikuwa namtia pamba kwenye masikio, inaanguka, namtia tena. Kwa hiyo mnaposema tapaji mimi sicheki, naijua. Mgonjwa lazima alale na mtoto wa shule lazima alale. Lakini ile nganda ya bafle nne mpaka leo inafanya kazi vilevile, na ile ya karindula, yenye ilikuwa inamaliza saa mbili ya usiku juu wapigaji wenyewe kesho yake ni kazi, ndiyo imenyamazishwa. Watu wa kartie wanaona hiyo, na wanaongea.

Tunaomba mtenganishe hizi mbili. Bafle ya kupiga telefone usiku kucha ni kitu kingine na watu sita wanaopiga vyombo mchana wa yenga ni kitu kingine. Wekeni saa yenye inajulikana, hata mkisema saa mbili tutakubali, hata saa moja na nusu, lakini iandikwe kwenye mlango wa komini kwa Kiswahili, mama wa chikanda aisome mwenyewe. Wekeni karatasi moja ya muziki, bei yake ijulikane, ilipwe kwenye dirisha moja na risiti itoke, mwenye nganda wetu aliniambia yeye kulipa hana tatizo, tatizo ni kulipa leo kwa huyu na kesho kwa mwingine. Mwenye kugeuza bafle barabarani mwambieni azigeuze ndani, akikataa mpigeni faini, tutakuwa nyuma yenu. Na zaidi ya yote tunaomba chombo cha mpigaji kisichukuliwe. Kama kuna kosa andikeni kosa, pigeni faini, fungeni mlango siku mbili, lakini makanika ukimchukulia funguo zake atafanya kazi na nini? Gitaa na karindula ni funguo za hawa vijana.

Na kama mnataka kuuliza majirani, mkuu wa avenue yetu anaweza kuwaita siku yoyote, mtawasikia wenyewe. Hata yule mwalimu mwenye nyumba yake imepakana na ukuta wa nganda, yeye ndiye wa kwanza aliniuliza, hawa vijana wa karindula wako wapi, mbona kumekuwa kimya.

Nikirudi kwa ile karindula. Nilienda kuiangalia wiki iliyopita pamoja na yule kijana. Wameiweka nje, kwenye kiwanja nyuma ya ile ofisi, imelala kwa ubavu kati ya pikipiki mbovu na mabati. Shingo haijavunjika, aliinama akaipapasa yote kutoka juu mpaka chini akasema iko mzima. Kamba moja imekatika, hiyo ni kitu kidogo. Ngozi ndiyo inamuogopesha. Sasa tuko mwezi wa kumi, jakaranda zimeshachanua, juzi jioni mawingu yalisimama upande wa Kasumbalesa na upepo ukaanza kunusa maji. Ngozi ya mbuzi ikinyeshewa usiku mmoja tu inalegea, inaoza, hata uwashe karatasi ngapi haikazi tena. Tulimuomba mlinzi atuachie tuifunike na baso, ndiyo turubai, akasema hana ruhusa ya kuguza kitu.

Baba, neno lenu moja kwa simu linaitoa pale. Hata kabla ya kujibu haya mengine yote, tunaomba hilo moja wiki hii.

Mtoto wenu wa komini,
baba wa watoto watatu