Risala ya Vikundi vya Mbio za Pole vya Jiji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa vikundi,
Wakimbiaji wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kuwa nasi asubuhi hii. Tumeona risala hii ieleze kazi yenyewe inavyofanyika, ili tukifika kwenye maombi uwe umeshaona yametoka wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi cha mbio hakihitaji mengi: mahali pa kukutania, siku isiyobadilika na saa isiyobadilika. Mwaka 2004 watu 13 walikimbia kilomita 5 katika bustani ya Bushy Park, London, na mkusanyiko ule ndio uliozaa parkrun, mbio za kila wiki ambazo leo hufanyika katika nchi nyingi bila kiingilio. Lililo zuri zaidi kwao ni kwamba yupo mtu wa kujitolea anayetembea nyuma kabisa, hivyo hakuna mshiriki anayemaliza wa mwisho. Nasi tunashikilia jambo hilohilo: kikundi hupimwa kwa namna kinavyomtunza aliye nyuma. Mwenye kasi atakimbia hata akiwa peke yake. Anayeanza akiachwa njiani mara moja, harudi tena.

Kwa hiyo kila kundi lina kiongozi mbele na mfunga msafara nyuma. Kosa linalofanyika sana ni kumpa kazi ya kufunga msafara yule aliye dhaifu kuliko wote, kwa kuwa atakuwa nyuma hata hivyo. Naye akichoka, hakuna wa kumsaidia. Mfunga msafara awe mkimbiaji mzoefu aliyekubali kwenda taratibu siku hiyo, anayeijua njia, mwenye simu iliyojaa chaji na idadi ya watu walioondoka. Huhesabu watu mwanzoni, kila kundi linaposimama, na mwishoni.

Tunagawana kwa mwendo: dakika 5 na nusu kwa kilomita, dakika 6 na nusu, dakika 8, na kundi la kukimbia na kutembea. Ugonjwa wa makundi yote ni kilomita ya kwanza kukimbiwa kwa pupa. Saa za mkononi hazitoshi kuzuia hilo, maana katikati ya majengo marefu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na saa ikatoa kasi isiyo ya kweli. Kipimo cha kuaminika ni mazungumzo: mtu akishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema, kundi hilo linamzidi.

Mgeni huanza kwa kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, siku tatu kwa wiki zenye siku ya kupumzika katikati. Wengi huona ni kidogo mno. Lakini pumzi huimarika ndani ya wiki chache, wakati kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu anajiona mwepesi, anaongeza mbio, kisha miguu inaanza kuuma. Ugoko unaouma eneo pana kwa kawaida hutulia mbio zikipunguzwa. Maumivu yaliyokaa mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, tena juu ya mfupa, na yanayoendelea hata mtu akiwa amelala, yanaweza kuwa ufa. Huyo aache kukimbia siku hiyohiyo na amwone daktari. Viatu navyo vikifikisha kati ya kilomita 500 na 800 vibadilishwe, hata kama juu bado vinapendeza.

Kwa wanaokimbia kabla ya mapambazuko, viakisi mwanga vifungwe vifundoni na mikononi, si kifuani peke yake. Dereva akiona alama zinazopanda na kushuka hutambua mapema kwamba mbele yake yuko binadamu. Pasipo na njia ya miguu, tunakimbia tukiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine, masikio yakiwa wazi bila muziki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatari yetu kubwa iko kwenye vivuko. Taa nyingi hupangwa kwa kukadiria mtu anayetembea mita 1.2 hivi kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 18 hupewa sekunde 15. Muda huo unamtosha mtu mmoja, si kundi lililojipanga. Taa inabadilika, nusu wamevuka, nusu wamebaki, na anayeogopa kuachwa anakurupuka taa ikiwa nyekundu. Kanuni yetu ni kwamba waliovuka hungoja ng'ambo, mbali na ukingo wa barabara, mpaka mfunga msafara ainue mkono. Tena tumeweka makundi yasizidi watu 12. Hata hivyo kuna vivuko ambavyo nidhamu yetu peke yake haitoshi.

Hivyo basi, hatuombi fulana wala medali. Tunaomba muda wa taa kwenye vivuko hivyo uongezwe saa za asubuhi. Tunaomba taa za njia za bustani zishughulikiwe. Nyingi zinawaka, ila matawi yamezifunika, na kupogoa tu kungetosha. Tunaomba vyoo vya bustani vifunguliwe kabla ya mapambazuko, kwa sababu vikifungwa wanawake ndio wanaoacha kuja kwanza.

La mwisho ni kifaa cha kushtua kwa umeme moyo uliosimama ghafla kiwekwe mahali panapofikika saa zote, kisifungiwe ofisini, pamoja na mafunzo kwa viongozi wa makundi. Mtu akianguka, haitikii wala hapumui kawaida, apigiwe simu ya dharura na akandamizwe katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, bila kusubiri. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona, na foleni za jiji huchelewesha gari la wagonjwa.

Orodha ya vivuko na taa, kila kimoja na mahali kilipo, tunakukabidhi pamoja na risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.