Neema, Nisomee Hili Dodoso

Chang'ombe, Dodoma

Shoga yangu Neema,

Hujambo? Singida hawajambo? Mama mguu unaendeleaje? Sisi huku wazima, upepo na vumbi tu kama unavyovijua, maji leo yapo kesho hakuna. Najua umeninunia kwa kimya changu. Nuna, ukimaliza soma, maana nina shida na wewe.

Ni hii tasnifu yangu ya jinsia na ujumuishi maofisini. Dodoso lilishapitishwa, nazunguka nalo, na majibu ni mazuri mpaka yananitia wasiwasi. Ofisi inatoa likizo ya uzazi ya siku 84? Ndiyo. Anayenyonyesha anapewa masaa yake mawili kwa siku? Ndiyo. Karatasi baada ya karatasi, ndiyo tupu. Ukisoma utadhani Sheria ya Ajira ya 2004 inalala na kuamka na sisi.

Juzi nikawa na dada mmoja wa masijala. Ofisi iko Mtumba, yeye kapanga Nkuhungu, mtoto ana miezi mitano. Nimeshafunga kalamu ndipo anaanza kuongea. Akisema aende akanyonyeshe arudi, masaa yote yanaishia kwenye daladala. Kwa hiyo anayachukua mwisho wa siku, anatoka saa saba na nusu badala ya saa tisa na nusu. Sasa vikao vya idara viko saa nane! Na safari za kikazi zinagawanywa humo humo kikaoni, asiyekuwepo ndiyo basi tena, posho ataisikia kwa wenzake. Asubuhi maziwa yakimjaa anakamulia stoo, nyuma ya majalada, mwenzake kashikilia mlango.

Na kwenye dodoso langu kaweka nini? Ndiyo. Hajadanganya. Ndilo swali mimi nililomuuliza.

Kuna Mmarekani, Joan Acker, aliandika 1990 kwamba kazi maofisini zimepangwa kana kwamba mfanyakazi hana mwili wala mtoto, na nyumbani kuna mtu anamfanyia yote. Mtu wa Marekani huko, lakini ni kama alikaa kwenye kile kikao cha saa nane. Nikampelekea msimamizi, kaniambia hizo ni hadithi, lete namba. Namba ninazo, baba! Zote zinasema ndiyo.

Ya walemavu ndiyo usiseme. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi afikishe asilimia 3. Ofisi moja wameniambia wamefikisha, wamejaa furaha. Kaka mwenyewe wa kiti mwendo nimemhoji chini ya mwarobaini, ofisi ya utumishi iko ghorofani.

Sasa wewe ndiye unayejaza haya makaratasi kila siku. Dodoso nimekutumia WhatsApp, lisome ukiwa umeshiba, hasa sehemu ya pili. Ungeulizwaje ili ushindwe kujibu ndiyo kirahisi? Hapo kwenu vikao vinaanza saa ngapi, na nani anapanga? Anayenyonyesha anakwenda wapi? Bosi wako atakubali nije nijaribu maswali mapya kwa watu wachache, au nipitie kwa Mama Kulwa kwanza? Halafu yule kijana wa Manyoni vipi, mbona umenyamaza kabisa?

Wako,
Asha