Trakiboli: jua kwanza kidole gani kitapiga kazi

Wateja wanatuuliza sana hili, mkono umechoka na mausi ya kompyuta, nichukue trakiboli gani? Na mara nyingi mtu ameshachagua kwa macho, kaipenda ile inayong'aa. Subiri kidogo, kwanza jua kidole gani ndo kitakuwa kinapiga kazi siku nzima.

Trakiboli haitembei mezani kama mausi, inakaa palepale, wewe unazungusha tu mpira ulio juu yake na mshale unaenda kwenye skrini, kwa hiyo bega na kiwiko vinatulia, hata meza ikijaa makaratasi haina shida. Ila kazi haijapotea, imehamia kwenye vidole, na hapo ndo watu wanakosea. Zile za dole gumba kama Logitech Ergo M575 unazishika karibu sawa na mausi ya kawaida, kuzizoea rahisi, lakini dole gumba peke yake ndo linausukuma mpira, sasa kama linakuuma tayari kwa kuchati kwenye simu sisi hiyo hatukuuzii, kweli kabisa. Halafu nyingi ni za mkono wa kulia tu. Mwenye gumba bovu au anayetumia mkono wa kushoto tunamwonyesha ya vidole, mfano Kensington Expert Mouse, mpira wake mkubwa, milimita 55 hivi, unauzungusha kwa vidole viwili vitatu na umbo lake linakubali mkono wowote.

Mwanzoni kuburuta faili kutakusumbua, maana unabana kitufe huku unazungusha mpira. Jipe wiki moja mbili, na mausi ya zamani usiitupe.

Na tafadhali sana, isafishe! Mpira umekalia vitone vitatu vidogo vigumu, jasho na vumbi vinaganda hapo, mshale unaanza kukwamakwama, mtu anatuletea akiwa ameshakata tamaa kwamba imekufa kumbe ni uchafu tu. Za dole gumba nyingi zina tundu chini, unasukuma kwa penseli mpira unatoka, zile kubwa ukigeuza tu unadondoka, basi toa ule uchafu kwa kijiti cha pamba, futa na kile kioo kidogo cha sensa, yaani kile kinachosoma mpira unavyozunguka, rudisha mpira. Dakika mbili.

Ila kama vidole vinakufa ganzi usiku, muone daktari kwanza, usianze na sisi. Ukishatoka huko njoo ushike zote mbili, ukae nazo hata nusu saa, hatukukimbizi.