Sodiamu imeshuka? Usikimbilie chumvi

Mteja akipokea majibu ya elektrolaiti (madini ya damu kama sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, na potasiamu) kwenye maabara yetu na kuona sodiamu iko chini, swali la kwanza ni: "Niongeze chumvi?" Tunakuomba usiongeze kabla hujaonana na daktari. Mara nyingi chumvi haijapungua, ila maji ndiyo yamezidi. Kipimo husoma sodiamu iliyomo katika kila lita ya majimaji ya damu, na kawaida yake ni milimoli 135 hadi 145. Maji yakizidi mwilini, namba hiyo hushuka hata kama chumvi yako yote bado imo.

Kwa siku moja mafigo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, lakini mkojo huwa lita moja au mbili tu. Sehemu kubwa ya majimaji hayo hurudi kwenye damu bila kusubiri homoni. Homoni huamua hatima ya kile kinachobaki mwishoni mwa mirija ya figo.

Homoni ya maji ni vasopresini, ambayo hutengenezwa kwenye ubongo na kutolewa na tezi ya pituitari. Damu ikikolea chumvi, homoni hii hufungua vijitundu vya maji kwenye mirija, maji yakarudi mwilini na mkojo ukawa mchache, wenye rangi iliyokolea. Pombe huizuia, ndiyo maana mnywaji haishi kwenda chooni. Kuna pia hali inayoifanya imwagike pasipo haja: baadhi ya magonjwa ya mapafu, baadhi ya dawa za sonona na kifafa. Hapo maji hubaki mwilini na sodiamu hushuka.

Homoni ya chumvi ni aldosteroni, kutoka tezi za adrenali zilizokaa juu ya mafigo. Hurudisha sodiamu na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Shinikizo la damu likishuka, figo hutoa renini, renini huzalisha anjiotensini, nayo anjiotensini huziamuru adrenali zitoe aldosteroni.

Hapa ndipo wengi hukosea kusoma majibu. Aldosteroni ikizidi, mwili hujaa chumvi na presha hupanda, lakini sodiamu kwenye karatasi inaweza kuonekana ya kawaida kabisa, kwa kuwa maji huifuata chumvi. Kinachoweza kukustua ni potasiamu iliyoshuka, ingawa wapo ambao hata hiyo haishuki. Kinyume chake, sodiamu ya chini pamoja na potasiamu ya juu inaweza kumaanisha adrenali zimeshindwa kazi, na huo ni ugonjwa wa hatari. Kwa hiyo namba hizi mbili zisomwe pamoja, daima.

Tukikuuliza dawa unazotumia, tafadhali zitaje zote. Spironolaktoni huzuia aldosteroni, na dawa nyingine za presha na za kuongeza mkojo hubadilisha majibu. Usiache dawa yoyote kwa ajili ya kipimo bila ruhusa ya daktari wako. Kwa kipimo cha renini na aldosteroni, njoo asubuhi ukiwa umeamka kwa muda wa angalau saa mbili kabla ya kipimo, kisha tutakuomba ukae kitini dakika chache, maana kulala na kusimama hubadilisha homoni hizi.

Na kama mgonjwa wako mwenye sodiamu ya chini ameanza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au kupata degedege, usimlete maabara. Mpeleke hospitali moja kwa moja.