Mama, ile nyumba tuipunguze

Leipzig, 7 Desemba

Mama mpendwa, shikamoo.

Natumaini hujambo, na kile kifua kimetulia tangu baridi ya Julai ipite. Kaka, wifi na watoto wote nawasalimu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nakudanganya. Ukiniuliza kazi inaendaje, najibu "vizuri mama," na video siwashi, nasingizia bando. Ukweli ni kwamba sitaki uone uso wangu.

Huku bado mimi si muuguzi. Ili cheti changu cha nyumbani kitambuliwe, natakiwa pamoja na mambo mengine kufaulu mtihani wa Kijerumani, ngazi ya B2. Una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inataka alama 60 kati ya 100. Kwenye kusikiliza nimeanguka mara mbili. Mara ya pili nilipata 53. Kwa hiyo ni msaidizi tu katika nyumba ya wazee: nawaogesha, nawalisha, nawatandikia. Kazi yenyewe haina aibu yoyote, mama. Aibu niliitengeneza mimi, siku ile kanisani walipotangaza kwamba binti yako ni sista wa hospitali Ulaya, nami nikakaa kimya.

Na nimeanguka kwa sababu silali. Jumamosi na Jumapili, siku za kusoma, naosha vyumba vya hoteli ili nitume hela ya fundi. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa na bibi mmoja wa miaka 91, namsubiri amalize chai, usingizi ukanichukua pale pale kitini. Nilipozinduka alikuwa amenifunika blanketi lake la miguuni. Mikono yake inatetemeka hata kijiko hakishiki sawasawa, sijui alilivutaje. Alinipapasa mkono akasema neno moja, lala. Nilikwenda chooni nikalia mpaka zamu ikaisha.

Sasa hiyo nyumba. Vyumba vinne, sebule, bati la msauzi, geti. Wewe hukuiomba, mama. Uliniomba bati chache za pale jikoni panapovuja, basi. Ramani niliitaka mimi, baada ya binamu yetu wa Afrika Kusini kuweka picha za nyumba yake kwenye grupu la ukoo na baba mdogo akaandika chini yake, "Na wa Ujerumani tunamsubiri." Nadhani yeye alishasahau. Mimi nimelibeba neno lile miaka miwili, na boma limesimama kwenye lenta, matofali yamefanya kijani kwa mvua ya Tukuyu, majani yameota sebuleni. Na jikoni kwako bado panavuja. Hilo la jikoni ndilo linaloniuma kuliko mtihani.

Nikueleze nilikokwenda Novemba. Unakumbuka tulivyofundishwa kwamba wamisionari Wamoravian waliofika kwetu Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka Herrnhut? Nimefika Herrnhut, mama. Ni mkoa huu huu wa Saxony ninaokaa. Unapanda treni hadi Löbau, kisha basi. Ni mji mdogo, ulianza mwaka 1722, na mwaka 2024 umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Nilisimama mbele ya kanisa lao, jeupe ndani, halina mapambo, nikakuona wewe na kitambaa chako cha Jumapili.

Kisha nikapanda kilima cha makaburi. Ukiacha ya familia ya Zinzendorf, yule kiongozi wao wa zamani, pale katikati, ambayo yameinuliwa, mengine yote ni mawe bapa yaliyolazwa chini, ya kimo kimoja, safu kwa safu. Hujui nani alikuwa tajiri, nani alikuwa mtumishi wa jikoni. Nilikumbuka Pasaka alfajiri, unavyotuamsha gizani twende makaburini kuimba, mimi nakushika kanga nyuma nisipotee. Nilitembea kati ya yale mawe karibu saa nzima. Baridi ilikuwa kali, mikono ilikufa ganzi, lakini kifua kilikuwa chepesi kama sijakisikia tangu nipande ndege pale Songwe.

Ndiyo maana naomba hivi. Mwambie kaka amwite fundi, tupaue vyumba viwili vya upande wa barabarani na jiko, kwa bati la kawaida, kabla mvua za Machi na Aprili hazijashika. Vyumba vingine ukuta ushushwe, tofali zitumike kujengea choo cha nje. Hela ya bati ninayo, nimeshaitenga. Baada ya hapo sitatuma ya ujenzi mpaka nifaulu. Ya dawa zako na ada ya mdogo wangu iko pale pale, hiyo usiwe na wasiwasi. Michango ya harusi kwenye grupu nitatoa nikiwa nayo, nisipokuwa nayo nitasema sina. Hoteli nimeshaacha, wiki hii. Jumamosi yangu ya kwanza nimelala mpaka saa nne asubuhi, halafu nikasikiliza taarifa ya habari ya Kijerumani mara tatu nikaielewa.

Watu watauliza mbona nyumba imekatwa. Najua watakuuliza wewe, si mimi, na hilo naomba unisamehe. Waambie ukweli wote, hata wa mtihani. Baba mdogo nitampigia mwenyewe.

Narudia kusikiliza mwezi wa tatu.

Huku jua linazama saa kumi jioni, madirishani wametundika nyota za karatasi za Krismasi zinazotoka huko huko Herrnhut. Nimenunua moja ndogo, ya kwako.

Jumapili ukitoka ibadani nitakupigia, saa nane ya kwenu. Mwambie mdogo wangu akushikie simu vizuri, maana nitawasha video.

Ndaga fijo, juba. Asante sana, mama.

Mwanao