Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Dakika 50 za Kisumu Zinahesabiwaje?

Mheshimiwa Waziri,

Abiria wa Nairobi kwenda Kisumu husoma kwenye tiketi kwamba safari ni dakika 50 hivi, akadhani ndio muda atakaokuwa hewani. Sivyo. Muda huo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka maegeshoni, ikaisha inapoegeshwa iendako. Tunaomba kanuni itakayolazimisha tiketi kutenganisha vipimo vitatu: umbali, muda wa hewani, na muda wa maegesho hadi maegesho.

Tuanze na umbali, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Toka JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi, hadi uwanja wa Kisumu ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, yaani maili 151 za baharini wanazotumia marubani (maili moja ni kilomita 1.852). Toka Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, ni kama kilomita 269. Kwa barabara, kupitia Nakuru na Kericho, zinakaribia 350. Kuandika "Nairobi–Kisumu" bila kutaja uwanja ni kusema nusu. Kuna atakayesimama Wilson na mzigo wake ilhali ndege iko Embakasi.

ATR 72, ndege ya pangaboi, huenda kwa kasi ya kama kilomita 510 kwa saa. Gawanya 280 kwa 510, utapata dakika 33. Hesabu ni sahihi, safari haiko hivyo. Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo ndege huruka kwa njia ya kurukia nambari 06, ikitazama kaskazini-mashariki, nayo Kisumu iko kaskazini-magharibi. Ni lazima ikate kona ya kushoto ya digrii 120 hivi kabla ya kushika njia yake. Ikiwa inapanda haijafikia kasi ile, na ikikaribia kutua imeshaipunguza. Hayo pekee huongeza dakika 8 hadi 10. Kutambaa ardhini pande zote mbili ni 10 nyingine, tena siku njema: JKIA ina njia moja tu ya kurukia, na ndege iliyo nyuma haina pa kupitia.

Jeti nayo haiokoi muda mwingi kama watu wanavyodhani. Ikipanda hadi futi 25,000, kushuka Kisumu, uwanja ulio futi 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kutataka maili 64 za baharini, kwa kanuni ya marubani ya maili tatu kwa kila futi 1,000. Kupanda kumeshakula kama 50. Kati ya zile 151, mwendo kamili unabakiwa na maili zisizofika 40. Faida ya jeti utaiona Mombasa, kilomita 422.

Kisha kuna radi za Ziwa Victoria. Alasiri mawingu hujikusanya kandokando ya ziwa, rubani akalazimika kuyazunguka au kusubiri angani. Ndege ya saa moja asubuhi na ya saa kumi na moja jioni hazistahili kuandikiwa dakika zilezile.

Takwimu hazihitaji kutafutwa. Kila safari huandikiwa saa ya kuondoka maegeshoni, kuruka, kutua na kuegeshwa. Agiza wastani wake uchapishwe, asubuhi kando na alasiri, kuanzia njia za Kisumu, Eldoret na Mombasa. Na saa ya kufungwa milango iandikwe juu ya saa ya kuondoka, kwa herufi kubwa kuliko bei.

Wako,
Wapangaji wa safari za ndege, Nairobi