Kaka, hiyo kirikuu usiilete Jumamosi

Shikamoo kaka,

Ujumbe wako kwenye grupu la familia niliusoma, nikaanza kukujibu, likawa gazeti. Nimeamua kuliweka hapa hadharani, maana najua si sisi peke yetu wenye mama wa namna hii. Jina lako sijalitaja, usihamaki.

Unataka stoo ya mama isafishwe Jumamosi, yeye akiwa harusini, vitu vyake vipakiwe kirikuu vikatupwe. Makopo, ndoo zilizokatika mikono, ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku 2019 na yeye bado anayo, imekunjwa kwa kufuata ukubwa. Inakera, sikatai. Mara ya mwisho nilijikwaa kwenye rundo la mifuniko, sufuria zake zilikufa zamani.

Sasa nisikilize. Kuna mama mmoja wa Beijing aliyeitwa Zhao Xiangyuan. Mwanawe, Song Dong, aliyezaliwa 1966, ni msanii. Mumewe alipofariki ghafla mwaka 2002, yule mama akazidisha kurundika: chupa tupu, vizibo, tyubu za dawa ya meno zilizokamuliwa mpaka zikabaki ganda, viatu, vitambaa. Watoto wakitupa, ugomvi. Baadaye mwanawe akaelewa kwamba mama alikuwa anajaza pengo la baba.

Kisa cha sabuni ndicho kilichonikamata. Enzi za mgao wa bidhaa nchini China, mama huyu aliweka akiba ya miche ya sabuni, akaianika ikauka ili isiishe upesi, kwa hofu kwamba wanawe wakikua watahangaika kama yeye. Mtoto akaoa, mama akamkabidhi sabuni zake. Kijana akamwambia yeye anafulia kwa mashine. Kaka, miche mingine ilikuwa na umri kumzidi yeye mwenyewe! Hapo nikakumbuka mama anavyosimulia foleni za sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980, na jinsi anavyobandika kipande kilichoisha mgongoni mwa mche mpya. Sisi tulikuwa tunamcheka.

Song Dong hakuita gari. Alimwomba mama yake wafanye kazi pamoja: vitu vyote vitolewe nyumbani, vipelekwe ukumbini, vipangwe sakafuni aina kwa aina. Maonyesho ya kwanza yalikuwa Beijing, 2005. Vitu zaidi ya 10,000, pamoja na mbao za nyumba yao ya zamani. Mama mwenyewe ndiye aliyepanga, na watu wakija anawasimulia hiki kilitoka wapi. Kazi ikaitwa kwa msemo wa Kichina wenye maana ya kutumia kitu mpaka kiishe kabisa. Kukawa na maandishi ya taa yanayomwambia marehemu: Baba, usiwe na wasiwasi, mama na sisi hatujambo.

Najua utasema takataka ni takataka hata ukiziwekea taa. Labda. Lakini huyu bwana si mtu wa kulimbikiza. Tangu 1995 anaandika shajara yake kwa maji juu ya jiwe, maneno yanakauka, basi, hayasomwi na yeyote. Mwaka 1996, mkesha wa mwaka mpya, alilala kifudifudi uwanja wa Tiananmen kwa dakika 40, baridi nyuzi 9 chini ya sifuri, akipumulia sakafu mpaka ikajitandaza barafu nyembamba. Kesho yake nayo haipo. Mtu anayefanya kazi zisizoacha alama ndiye aliyeinama kupanga vizibo vya mama yake. Mimi naona hapo ndipo penye sanaa yenyewe, kwenye kule kuinama. Vitu vilikuwa kisingizio tu cha kumtoa mama ndani azungumze na watu.

Na baba yake hakumwacha nje. Mwaka 1997, kwa kuwa kwao mtoto wa kiume hamgusigusi baba yake (kama sisi tu), alipiga picha ya video ya mkono wake, akaimulika kifuani kwa mzee. Mkono wa mwanga ukampapasa. Mzee akavua koti, kisha shati, kisha fulana.

Zhao Xiangyuan alifariki mwanzoni mwa 2009. Alipanda ngazi akimfuata ndege aliyejeruhiwa mtini, akaanguka. Mwaka huohuo vitu vyake vikaonyeshwa New York, kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, safari hii wakivipanga Song Dong na dada yake, na mkewe Yin Xiuzhen, ambaye naye ni msanii.

Basi mwambie mwenye kirikuu asubiri. Nafika Ijumaa usiku na basi la jioni. Harusi ikipita, Jumapili tutandike mkeka uani, mama akae kwenye kiti chake, sisi tutoe kimoja kimoja. Uanze wewe na ile redio ya baba isiyo na mfuniko wa betri. Muulize kwa nini ameifunga kanga.